Sura ya Sita: Dakika Ishirini za Brisbane

Usiku wa tarehe 1 Oktoba 2023, kijana wa miaka 20 aitwaye Ezra Mam aliupasua ukuta wa Penrith Panthers mara tatu katika muda wa dakika kumi hivi, na kila alipoupasua alifunga trai. Uwanja wa Olimpiki wa Sydney, uliojaza watu zaidi ya 80,000, ulitikisika. Ubao wa matokeo ulisoma Brisbane Broncos 24, Penrith 8. Hii ilikuwa fainali ya NRL, ligi kuu ya raga ya Australia na New Zealand, na Broncos hawakuwa wamegusa kombe hilo tangu mwaka 2006.

Kila dalili ilikuwa upande wao. Penrith walikuwa wamempoteza Jarome Luai, mmoja wa wapangaji wao wawili wa mashambulizi, aliyetoka na jeraha la bega. Brisbane walikuwa na Reece Walsh, mwenye mbio za swala. Walikuwa na Payne Haas, fowadi mwenye mwili wa nyati na pumzi za mkimbiaji wa masafa. Na walikuwa na nahodha Adam Reynolds, aliyewahi kutwaa taji hilohilo na klabu nyingine. Kilichobaki ni kuulinda uongozi wa pointi 16 kwa dakika ishirini na ushei.

Hawakuulinda. Moses Leota alifunga kwa upande wa Penrith. Stephen Crichton naye akafunga. Kisha, dakika chache kabla ya filimbi ya mwisho, Nathan Cleary alichukua mpira mwenyewe, akapenya katikati ya walinzi waliochoka na kuuweka chini karibu na milingoti, halafu akapiga mkwaju wa nyongeza. Penrith 26, Brisbane 24. Lilikuwa taji lao la tatu mfululizo.

Juu ya majukwaa, katika vyumba viwili vya vioo, walikaa makocha wawili. Mmoja alikuwa Ivan Cleary, baba mzazi wa Nathan, aliyeanza kazi ya ukocha mkuu katika ligi hiyo mwaka 2006. Mwingine alikuwa Kevin Walters, ambaye huo ulikuwa msimu wake wa tatu tu. Kesho yake swali lililokuwa likinong'onwa Brisbane tangu siku alipoajiriwa lilianza kuulizwa kwa sauti: je, vipaji hivi vyote vinarudishwa nyuma na kocha ambaye bado anajifunza kazi?

Waswahili husema penye miti hapana wajenzi. Sura hii inaitazama Brisbane kwa jicho la msemo huo, kisha inauliza kama kweli mjenzi ndiye aliyekosekana.

Kocha asiyeweza kusimamisha mchezo

Kabla ya kumhukumu kocha wa raga ya aina hii, ni lazima kujua mkono wake unafika wapi. Mashabiki wa Nairobi na Kampala waliozoea raga ya wachezaji 15, au ile ya wachezaji saba, watauona mchezo huu kama ndugu wa tumbo moja aliyelelewa nyumba nyingine. Ulizaliwa mwaka 1895 katika Hoteli ya George mjini Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, pale klabu za huko zilipojitenga na chama kikuu. Chama hicho kilikuwa kimekataa wachezaji waliofanya kazi migodini na viwandani wafidiwe ujira wa siku walizokosa kazini kwa ajili ya mechi. Tofauti za kanuni zilifuata baadaye.

Kila upande una wachezaji 13. Timu yenye mpira ina nafasi sita: mchezaji akikabwa na kuangushwa mara ya sita, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kila baada ya mtu kuangushwa, walinzi hurudi nyuma mita 10, kisha hukimbia mbele tena kukaba. Trai ina pointi nne, na mkwaju unaoifuata una mbili. Mchezo huendelea hivyo kwa dakika 80, nenda rudi, na hakuna mahali pa kujificha kwa mtu aliyeishiwa pumzi.

Kocha hana ruhusa ya kusimamisha mchezo ili azungumze na vijana wake, kama afanyavyo mwenzake wa mpira wa kikapu. Huko juu alikokaa ana simu, ana skrini, na chini uwanjani ana wahudumu wanaoingia na chupa za maji wakiwa wamebeba ujumbe wake wa maneno machache. Silaha yake kubwa ni benchi: wachezaji wa akiba na mabadiliko manane. Akimtoa fowadi mapema, nguvu inapungua uwanjani. Akimchelewesha, mtu aliyechoka anakosa kumkaba mshambuliaji aliye na nguvu mpya, na hapo trai inapatikana.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kocha humalizika kabla ya mechi kuanza. Imo katika mbio za joto la Desemba, majira ya kiangazi huko kusini, wakati wachezaji wanapojengewa pumzi za Septemba. Imo katika mazoezi yanayorudiwa hadi yachoshe, ili mlinzi ajue bila kuambiwa nani anatoka kwenye mstari na nani anabaki. Imo katika kuchagua nani asajiliwe na nani aachwe. Kikosi chenye vipaji kinaweza kushinda mechi nyingi hata kama mambo haya yamefanywa nusunusu, kwa sababu kipaji hufunika mashimo. Mashimo hayo huonekana siku mpinzani anapokuwa na kipaji kama chako na dakika zimebaki ishirini.

Nyumba aliyoirithi Walters

Broncos waliingia ligini mwaka 1988, na kwa miaka mingi jina lao lilikuwa halitenganishwi na la Wayne Bennett. Mtu huyo mrefu, mkimya na mwenye uso usiocheka ovyo aliwapa mataji yao yote sita ya mwanzo, kuanzia 1992 hadi 2006. Aliondoka baada ya msimu wa 2008, akarudi mwaka 2015. Mwishoni mwa 2018 uongozi wa klabu uliamua kwamba wakati wake umekwisha.

Aliyechukua nafasi yake alikuwa Anthony Seibold. Hapo ndipo hadithi ya ugeni wa makocha inapoanza Brisbane, kwa sababu Seibold alikuwa amefundisha katika NRL kwa msimu mmoja tu. Msimu huo, wa 2018 na South Sydney, ulikuwa mzuri kiasi cha kumpatia tuzo ya kocha bora wa mwaka. Broncos walimpa mkataba wa miaka mitano. Naye Bennett akahamia South Sydney, yaani wawili hao walibadilishana viti.

Mwaka wa kwanza Seibold aliifikisha Brisbane kwenye hatua ya mtoano, ikachapwa 58-0 na Parramatta. Mwaka wa pili, 2020, walishinda mechi mbili za mwanzo, ligi ikasimama kwa sababu ya Uviko, na iliporejea walishinda mechi moja tu katika 18 zilizosalia. Seibold aliondoka kabla msimu haujaisha. Klabu iliyozoea makombe ilimaliza mkiani kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwake na kubeba kile wanachokiita kijiko cha mbao. Wakati huohuo Bennett, aliyedhaniwa amekwisha, aliiongoza South Sydney hadi fainali ya 2021 akiwa na umri wa miaka 71.

Katika magofu hayo ndipo Kevin Walters alipokabidhiwa mikoba. Hakuna aliyetilia shaka mapenzi yake kwa klabu. Akiwa mchezaji alitwaa mataji sita, moja na Canberra mwaka 1989 na matano akiwa na Brisbane yenyewe. Kwa mashabiki alikuwa mtoto wa nyumbani aliyerudi kuinua paa lililoanguka.

Lakini kitabu chake cha ukocha kilikuwa na kurasa chache. Aliwahi kuifundisha Catalans Dragons ya Perpignan, kusini mwa Ufaransa, mwaka 2009 na 2010, na msimu wa pili klabu hiyo ilimaliza ya mwisho. Baada ya hapo, kuanzia 2016 hadi 2019, aliifundisha Queensland katika State of Origin, pambano la kila mwaka la mechi tatu dhidi ya New South Wales. Alishinda mara mbili na kushindwa mara mbili. Kazi hiyo ina heshima kubwa, ila ni ya wiki chache tu kwa mwaka, na kocha anakabidhiwa nyota walioandaliwa na watu wengine. Haimfundishi mtu namna ya kuzuia kikosi kisivunjike mwezi Juni, majeruhi watano wakiwa kitandani na mechi nne zikiwa zimepotea.

Msimu wake wa kwanza, 2021, Brisbane walishinda mechi saba na kumaliza nafasi ya 14. Mwaka 2022 walishinda 13, na kwa muda mrefu walionekana wana uhakika wa kuingia mtoano. Kisha wakaporomoka. Katika wiki za mwisho, mbele ya mashabiki wao wenyewe, walichapwa 60-12 na Melbourne na 53-6 na Parramatta, wakamaliza wa tisa katika ligi inayochukua timu nane. Waliokuwa na shaka waliona ushahidi wa kwanza: timu ilipoanza kuteleza, kocha hakupata breki.

Mwaka uliofuata ulikuwa 2023. Walsh alirudi kutoka New Zealand, Mam akakomaa, Haas na Patrick Carrigan wakatawala katikati ya uwanja. Ushindi 18, nafasi ya pili kwenye msimamo, Melbourne wakafungwa 26-0 katika mtoano na Warriors wakachapwa 42-12. Katika misimu mitatu Walters aliichukua timu mkiani na kuifikisha umbali wa dakika ishirini kutoka kwenye kombe. Anayesema kocha huyu aliirudisha timu nyuma anapaswa kwanza kulimeza jambo hilo, nalo si dogo.

Waliokuja wageni wakashinda

Kama ugeni peke yake ungetosha kuizuia timu, historia ya mchezo huu ingekuwa tofauti sana.

Mwaka 2001 Michael Hagan alirithi kiti cha Warren Ryan pale Newcastle. Ulikuwa msimu wake wa kwanza kama kocha mkuu. Katika fainali alikutana na Parramatta ya Brian Smith, mtu mwenye miaka mingi katika kazi hiyo, ambaye timu yake iliongoza msimamo wa ligi. Kufikia mapumziko Newcastle walikuwa mbele 24-0. Walishinda 30-24. Smith, pamoja na maarifa yake yote, alifika fainali kuu nne katika maisha yake ya kazi na hakushinda hata moja.

Mwaka uliofuata, 2002, Ricky Stuart aliipa Sydney Roosters taji katika msimu wake wa kwanza wa kufundisha. Ameendelea kufundisha zaidi ya miaka ishirini tangu hapo bila kulipata tena, ingawa amezifikisha timu zake fainali nyingine tatu. Mwaka 2013 Trent Robinson alikuja klabu hiyohiyo ya Roosters iliyokuwa imemaliza ya 13, akatwaa kombe katika mwaka wake wa kwanza wa NRL, na ameongeza mengine mawili mwaka 2018 na 2019. Robinson naye alipitia Perpignan kama Walters. Tofauti ni kwamba aliifikisha Catalans kwenye mtoano miaka yote miwili aliyokuwa kocha mkuu pale.

Mfano ulio mzito kuliko yote uko Uingereza, katika mji wa Wigan. Klabu ya huko ni miongoni mwa zilizotwaa makombe mengi kupita zote katika mchezo huu, na mwishoni mwa 2021 ilimpa Matt Peet kazi ya kocha mkuu. Peet hakuwahi kucheza raga ya kulipwa. Alikuwa amepanda ngazi moja baada ya nyingine kwa kufundisha vijana, akijulikana zaidi kwenye viwanja vya mazoezi kuliko kwenye televisheni. Mwaka 2022 alishinda Kombe la Challenge. Mwaka 2023 akashinda ligi. Mwaka 2024 Wigan walianza kwa kuwafunga Penrith, mabingwa wa Australia, 16-12 katika pambano la klabu bingwa ya dunia, kisha wakabeba Kombe la Challenge, ngao ya kuongoza msimamo na fainali ya ligi. Makombe manne yaliyokuwapo, walichukua yote manne.

Ni nini basi kilichomlinda Peet? Alikuwa mgeni kwenye kiti, lakini hakuwa mgeni ndani ya nyumba. Vijana wengi waliocheza chini yake aliwajua tangu wakiwa wadogo. Kando yake alikaa Sean O'Loughlin, nahodha wa Wigan kwa miaka mingi, aliyejua jinsi mwili na akili vinavyofanya kazi katika dakika ya 75 ya fainali. Mwaka wake wa kwanza alikuwa pia na Lee Briers, mchezaji mashuhuri wa zamani wa Warrington, kama kocha msaidizi. Alichopungukiwa yeye, jirani yake alikuwa nacho.

Briers huyohuyo alihamia Brisbane kuwa msaidizi wa Walters mwaka 2023. Ulikuwa ndio mwaka ambao Broncos walifika fainali. Itakuwa ni kumtukuza kupita kiasi kusema yeye ndiye sababu, lakini inafaa kukumbuka kwamba hata Brisbane ilicheza vizuri kuliko wakati wowote mwingine wa Walters katika mwaka ambao benchi lake lilipata mkono mpya.

Kilomita chache kutoka Wigan, pale St Helens, mambo yalikwenda kinyume. Paul Wellens, shujaa wa klabu hiyo uwanjani, alipewa ukocha mkuu baada ya St Helens kutwaa ligi miaka minne mfululizo, 2019 hadi 2022. Mwanzo wake ulikuwa wa ajabu: Februari 2023 alivuka dunia na kuwafunga Penrith nyumbani kwao 13-12, kwa teke la Lewis Dodd katika muda wa nyongeza. Baada ya hapo St Helens walianza kushuka, wa tatu mwaka 2023, wa sita mwaka 2024, wa tano mwaka 2025, na Wellens akaondoka bila kombe la ligi. Je, yeye ndiye aliyeizuia? Kikosi kile kilikuwa kimeanza kuzeeka kabla hajakalia kiti. Kocha mgeni aliyerithi mabingwa wanaozeeka ana kazi ngumu kuliko yule aliyerithi timu ya mkiani, kwa sababu wa kwanza anatakiwa kubomoa kile ambacho mashabiki bado wanakipenda, na hana kombe lake mwenyewe la kumkinga watakapolalamika.

Vidonda kama elimu

Turudi kwenye vile vyumba viwili vya vioo, usiku wa 2023. Ivan Cleary aliyekaa upande wa Penrith hakuwa mtu aliyezaliwa na ushindi. Aliipeleka New Zealand Warriors fainali ya 2011 na akafungwa 24-10. Alifukuzwa Penrith mwaka 2015. Akapita Wests Tigers, akarudi Penrith mwaka 2019, akapoteza fainali ya 2020 kwa Melbourne, 26-20. Taji lake la kwanza lilikuja mwaka 2021, miaka 15 tangu aanze kazi. Timu yake ilipokuwa nyuma kwa pointi 16, alikuwa amekwisha kuonja kila aina ya kushindwa ambayo mchezo huu unaweza kumpa mtu.

Hiki ndicho ambacho uzoefu humpa kocha. Mgeni huja na mpango mmoja, ule uliompatia kazi, na mara nyingi ni mpango mzuri. Mambo yakiwa mazuri, mpango mmoja unatosha, hasa ukiwa na Walsh na Haas wa kuutekeleza. Mambo yakiharibika, mzoefu ana mpango wa pili, kwa kuwa ule wa kwanza umewahi kumvunjikia mkononi na aliishi kuona kilichofuata. Mataji sita ya Walters kama mchezaji hayakuweza kumpa elimu hiyo. Mchezaji hushindwa pamoja na wenzake 12 na kesho yake huenda kuoga baharini. Kocha hushindwa peke yake, na kesho yake anatakiwa kusema jambo litakaloaminiwa na watu 30 waliokata tamaa.

Mwaka 2024 uliionyesha Brisbane bei ya pengo hilo. Kikosi hakikuwa kilekile: Herbie Farnworth na Tom Flegler walihamia Dolphins, Kurt Capewell akaenda Warriors, na Reynolds, Haas na Walsh wote walikosa wiki kadhaa kwa majeraha. Hata hivyo timu iliyobaki bado ilikuwa na vipaji ambavyo klabu nyingi zingevilipia kwa furaha. Ilishinda mechi 10 tu, ikamaliza ya 12, na katika mechi ya mwisho nyumbani Melbourne waliifunga 50-12. Mporomoko wa 2022 ulikuwa umejirudia, safari hii kwa msimu mzima. Walters aliondolewa.

Nafasi yake ilichukuliwa na Michael Maguire, na wengi walilisoma jambo hilo kirahisi: ametoka mgeni, ameingia mzoefu. Maisha ya Maguire hayasomeki hivyo. Mwaka 2010, katika msimu wake wa kwanza kabisa kama kocha mkuu, aliipa Wigan ubingwa wa Uingereza waliokuwa wakiusubiri tangu 1998. Mwaka 2014 aliipa South Sydney taji lao la kwanza baada ya miaka 43. Mgeni alishinda. Alipokuwa sasa mzoefu, akaenda Wests Tigers mwaka 2019, na katika misimu yake pale hakuingia mtoano hata mara moja, hadi akafukuzwa mwaka 2022. Baada ya hapo timu ya taifa ya New Zealand chini yake iliichapa Australia 30-0 mwaka 2023, na New South Wales yake ikashinda State of Origin ya 2024 katika uwanja wa Brisbane.

Mtu yuleyule, mwenye sifa ileile ya kuwafanyisha watu mazoezi makali, alikuwa bingwa pale, mtu wa kufukuzwa hapa, kisha bingwa tena kule. Kilichobadilika ni alichokikuta na alichokuwa amejifunza njiani.

Kwa hiyo jibu la swali la sura hii lina tarehe ndani yake. Kati ya 2021 na 2023 Walters hakuirudisha nyuma Brisbane hata kidogo. Aliirudishia heshima, akawapa kina Mam nafasi ya kukosea na kukua, na huenda kocha mkali angewavunja vijana wale kabla hawajaiva. Mwaka 2024 alikuwa amefika mwisho wa alichokijua, na kuanzia hapo ndiyo, ugeni wake uliigharimu timu. Ila lawama kubwa zaidi haimwangukii yeye. Inawaangukia waliokaa ofisini mwaka 2018, waliomwondoa mzoefu na kumpa mtu wa msimu mmoja mkataba wa miaka mitano, kisha nyumba ilipowaka moto wakatafuta jina linalopendwa na mashabiki. Wigan walimjengea Peet kiti kabla ya kumkalisha. Brisbane walimkalisha Walters kwanza.

Oktoba tena

Tarehe 5 Oktoba 2025 Broncos walirudi kwenye uwanja uleule wa Sydney. Msimu wa kwanza wa Maguire ulikuwa umeyumba katikati, na mtoano wenyewe ulikuwa wa kushikilia roho. Dhidi ya Canberra ya Ricky Stuart, iliyoongoza msimamo, walikuwa nyuma 28-12 na wakashinda 29-28 katika muda wa nyongeza. Dhidi ya Penrith walikuwa nyuma 14-0 na wakashinda 16-14. Timu iliyowahi kupoteza uongozi wa pointi 16 ilikuwa imegeuka kuwa timu inayowanyang'anya wengine.

Kwenye fainali upande wa pili walikaa Melbourne ya Craig Bellamy, kocha aliyekuwa kwenye kiti hicho tangu 2003 na ambaye Maguire aliwahi kuwa msaidizi wake. Kama hesabu ingekuwa ya miaka tu, kombe lilikuwa la Bellamy. Kufikia mapumziko alikuwa mbele, 22-12.

Nahodha wa Broncos alikuwa yuleyule Reynolds, ambaye mwaka 2014 alitwaa taji la South Sydney chini ya Maguire na mwaka 2023 akalipoteza hili chini ya Walters. Ben Hunt alikuwamo pia kikosini. Miaka kumi nyuma, katika fainali ya 2015, ndiye aliyeudondosha mpira wa kuanzia muda wa nyongeza, Brisbane ikafungwa 17-16 na North Queensland ya Paul Green, aliyekuwa na misimu miwili tu kazini. Kocha wa Brisbane usiku ule alikuwa Wayne Bennett.

Haas alikuwa uwanjani. Walsh alikuwa uwanjani, sasa akiwa na miaka 23. Katika dakika 40 za kipindi cha pili Melbourne hawakupata hata pointi moja. Brisbane walipata 14, na matokeo yakawa 26-22. Walsh alichaguliwa mchezaji bora wa fainali, na Reynolds, aliyeletwa Brisbane wakati wa Walters, akaenda kulipokea kombe.